Rejeta, Kulanti na "Maji ya Rejeta": Uhakiki wa Istilahi za Kupozea Injini

Utangulizi

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, kazi ya kuunda na kusanifu istilahi imekwenda mbali. Utawala, sheria, elimu, tiba na siasa vimepata maneno yake, na mengi kati ya hayo sasa yanatumiwa na wananchi bila kukumbuka kuwa yaliwahi kuwa mapya. Hata hivyo iko mahali ambapo istilahi huzaliwa kila siku bila kikao, bila kumbukumbu na bila kusubiri idhini ya mtu. Mahali hapo ni gereji.

Katika makala haya tunakusudia kuhakiki maneno machache yanayotumiwa pale gari linapobadilishwa rejeta na kutiwa kimiminika cha kupozea injini. Huenda msomaji akaona kwamba jambo hili ni dogo mno kwa jarida la istilahi. Sisi hatuoni hivyo. Maneno haya yakiwa mabaya, hasara yake haiishii kwenye ukurasa wa kamusi: injini hufa, mikono huungua, na mtoto anaweza kunywa sumu akidhani ni sharubati. Kwa hiyo yafaa tuyapime kwa kipimo kile kile tunachotumia kupima istilahi za mahakama na hospitali.

Kwa nini Msamvu

Tumechagua Msamvu, mjini Morogoro, kwa sababu ni njia panda. Hapo hukutana barabara itokayo Dar es Salaam, iendayo Dodoma, na iendayo Iringa kwa kupitia Mikumi. Magari ya mizigo na mabasi hupita usiku na mchana, na yale yatokayo Mgeta na Matombo, katika milima ya Uluguru, huteremka na mboga na matunda kisha hurudi kupanda mlima. Gari lenye rejeta mbovu linaweza kufika Msamvu kutoka Dar es Salaam bila dalili yoyote, kwa kuwa njia kwa sehemu kubwa ni tambarare. Likielekea Iringa na kukutana na mlima Kitonga, au likipanda Mgeta, ubovu wake hujitangaza. Ndiyo sababu dereva mwenye busara huligeuza gari gereji kabla hajauanza mlima.

Kwa kuwa watu wa lugha mbalimbali hukutana hapo, maneno ya Msamvu hayabaki Msamvu. Utingo akijifunza neno leo, kesho neno hilo liko Mbeya, na keshokutwa liko Tunduma. Hakuna kijitabu cha istilahi kinachosafiri kwa kasi hiyo. Mwanaistilahi anayetaka kujua neno gani limeshika na neno gani limekataliwa, hana budi kwenda mahali kama hapo na kusikiliza.

Rejeta: neno la kuachwa lilivyo

Tuanze na chombo chenyewe. Mafundi wote, madereva wote na wauza spea wote wanasema rejeta. Neno limetoka Kiingereza, limevaa sauti za Kiswahili, lina irabu mwishoni, na limeingia katika ngeli ya I-/ZI- bila taabu: rejeta imetoboka, rejeta zimeziba. Wako wanaoona kuwa tungepaswa kuwa na neno letu wenyewe, na wengine huwa tayari kufasiri maana ya neno la Kiingereza, yaani kitu kinachonururisha joto, na kuunda jina kama kinururishi.

Pendekezo la namna hiyo lina kasoro kubwa, na kasoro yenyewe si ya lugha bali ni ya fizikia. Joto la rejeta ya gari haliondoki hasa kwa mnururisho. Kimiminika cha moto hupita katika vijia vyembamba, joto lake hupenya kwenye chuma cha vijia hivyo na mapezi yake, kisha hewa inayosukumwa na feni au na mwendo wa gari hulibeba na kwenda nalo. Sehemu inayoondoka kwa mnururisho ni ndogo. Waingereza walikipa chombo hiki jina lisilosema kweli, wakalizoea, na sasa haliwadhuru. Sisi tukilifasiri neno kwa neno tutakuwa tumenunua kosa la mwenzetu na kulilipia gharama ya kulifundisha upya.

Hapa tunapata kanuni ya kwanza: istilahi haiundwi kutokana na jina la kigeni, bali kutokana na dhana. Pale ambapo neno la mkopo limekwisha kutulia na halimpotoshi mtu, kama ilivyo kwa breki, klachi, jeki na rejeta, hatuna sababu ya kulifukuza. Hatusemi kuwa mkopo siku zote ndio njia bora. Usukani haukuhitaji kukopwa Ulaya; ulikuwapo tayari katika jahazi, na ulipofika wakati wa magari ulihama kutoka majini ukaja nchi kavu na maana yake kamili. Kila neno lisikilizwe kwa kesi yake.

Kulehemu, kuchomea na kubadilisha

Kuna badiliko la ufundi ambalo limeacha alama katika lugha, nalo linastahili kutajwa. Rejeta za zamani zilitengenezwa kwa shaba na shaba nyeupe, na viungo vyake viliunganishwa kwa risasi. Ikitoboka, fundi aliifungua, akatafuta tundu kwa kuizamisha majini, akalehemu. Kulehemu ni neno la siku nyingi katika Kiswahili, nalo lilikuwa na kazi ya kutosha.

Rejeta za magari mengi ya sasa ni za alumini, na matangi yake ya juu na chini, au ya kando, ni ya plastiki yaliyobanwa kwa meno ya alumini. Plastiki hailehemiwi, na alumini nyembamba haikubali lehemu ya kawaida. Fundi anaweza kuziba ufa kwa gundi ngumu kwa siku chache, lakini dawa yake ya kweli mara nyingi ni kubadilisha. Pamoja na hayo mteja bado husema, "Fundi, nichomee hii rejeta," naye fundi hujibu, "Mzee, hii haichomeki, hii ni ya kubadilisha." Mteja asiyejua tofauti ya vitu hivi viwili hudhani kuwa fundi anatafuta fedha. Hakuna aliyekosea kwa makusudi. Kitenzi cha zamani kimedumu baada ya kazi yake kuondoka. Ingefaa wauza spea na mafundi watumie kwa uwazi majina mawili, rejeta ya shaba na rejeta ya alumini, ili mteja ajue tangu mwanzo ipi hulehemiwa na ipi hubadilishwa.

Kuchemka, kuchemsha na kupandisha joto

Gari likizidiwa na joto, Msamvu husemwa, "Gari imechemsha." Walimu wa sarufi hupinga usemi huu kwa hoja mbili. Kwanza, gari ni la ngeli ya LI-/YA-. Hoja hiyo ni sahihi kwa maandishi rasmi, nasi tunaifuata. Pili, hudai kuwa maji ndiyo yachemkayo, na mtu ndiye achemshaye, hivyo gari haliwezi kuchemsha. Hoja hii ya pili hatuikubali. Mpishi amepika, na hatuulizi amepika nini. Gari limechemsha maji yake, na yambwa limeachwa kwa sababu linaeleweka. Usemi huu umekomaa kiasi cha kuzaa maana nyingine: mtu aliyeshindwa mtihani au aliyeharibu hotuba, naye husemwa amechemsha.

Lawama yetu ni nyingine kabisa. Neno kuchemsha limebebeshwa hali mbili ambazo fundi anapaswa kuzitenganisha. Iko hali ya kimiminika kutokota na mvuke kutoka chini ya boneti. Iko pia hali ya injini kupata joto kupita kiasi pasipo kutokota kwa kitu chochote, kwa sababu kimiminika chote kimekwisha kuvuja. Hali hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi. Kihisi cha joto kikibaki hewani badala ya kuzama katika kimiminika, mshale wa geji unaweza kuonyesha joto la chini kuliko lile la kweli. Dereva hutazama geji, hutazama boneti, haoni mvuke, na husema kwa imani kamili kuwa gari halijachemsha. Anasema kweli kwa mujibu wa neno lake, huku silinda hedi ikipinda na gasketi ikiungua.

Bahati nzuri mafundi wenyewe wana usemi mwingine: gari linapandisha joto. Huo ndio unaofaa kuwa istilahi ya jumla, na kuchemsha kubaki kuwa aina moja tu ya tukio hilo. Katika vitabu vya mafunzo ya udereva tungependa kusoma "gari likipandisha joto, simama," wala si "gari likichemsha, simama," kwa maana yule anayesubiri mchemko anaweza kuwa amechelewa.

Mfuniko si wa sufuria

Jina mfuniko wa rejeta linaonekana halina dosari, kwa kuwa ni la Kiswahili safi na linaeleweka na kila mtu. Dosari yake iko hapo hapo katika kueleweka kwake. Mfuniko tuujuao ni wa sufuria na wa chungu. Kazi yake ni kufunika, na mtu akitaka kujua kama chakula kimechemka huufunua. Mkono wa dereva hufuata neno. Gari limepandisha joto, basi na tufunue tuone.

Kumbe kifaa hicho ni vali. Ndani yake mna springi inayozuia kimiminika hadi shinikizo lifike kiwango fulani, ambacho katika magari mengi ya abiria hukaribia shinikizo moja la angahewa juu ya lile la kawaida. Maji katika sufuria iliyo wazi huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi pwani, na pungufu kidogo Morogoro, ambako mji uko takriban mita 500 juu ya usawa wa bahari. Chini ya shinikizo la mfuniko wa rejeta, maji hayo hayo hayachemki mpaka yapite nyuzi 120. Ukiufungua mfuniko wakati huo, shinikizo huondoka mara moja, na maji yaliyokuwa yametulia hugeuka mvuke kwa ghafla na kumrukia aliye mbele. Watu wameungua nyuso na vifua kwa njia hiyo.

Aidha, kwa kuwa jina halisemi chochote kuhusu shinikizo, mfuniko uliopotea hubadilishwa kwa mfuniko wowote unaoenea, na uliolegea hufungiwa kitambaa. Tunapendekeza istilahi mfuniko wa shinikizo. Neno shinikizo limekwisha kuzoewa na wananchi kupitia shinikizo la damu, na hata asiyejua fizikia anajua kuwa shinikizo si kitu cha kuchezea. Badiliko ni la neno moja tu, lakini linaushika mkono kabla haujafika.

"Maji ya rejeta": jina linalodanganya

Sasa tufike kwenye kiini cha uhakiki wetu. Kimiminika kinachotiwa katika rejeta huitwa na wengi maji ya rejeta. Tunaelewa asili ya jina hili. Kwa miaka mingi kilichotiwa kilikuwa maji kweli, ya bomba au ya kijito, na madereva wa barabara za milimani bado hubeba dumu. Jina lilikuwa sahihi kwa wakati wake. Kitu kimebadilika, jina halikubadilika.

Kimiminika kinachotakiwa leo kina sehemu tatu: maji safi, glaikoli, na viongezwa vya kuzuia kutu. Kila sehemu ina kazi. Maji ndiyo yabebayo joto vizuri kuliko vyote. Glaikoli hupandisha kiwango cha kuchemka. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu huchemka kwa kiasi cha nyuzi 106 au 107 hata bila shinikizo la mfuniko. Viongezwa huulinda mwili wa alumini, chuma cha injini na pampu ya maji visiliwe. Maji matupu hayafanyi kazi hii ya tatu. Yakiwa na chumvichumvi na chokaa, huacha utando ndani ya vijia vya rejeta mpya, na rejeta iliyonunuliwa kwa fedha nyingi huziba kabla ya wakati wake.

Mwenye gari akiambiwa kuwa rejeta yake mpya inahitaji maji ya rejeta, na dumu moja lina bei ya kumshangaza, atauliza swali la haki: kwa nini ninunue maji wakati bomba liko hapa? Fundi hana jibu, kwa sababu lugha aliyoitumia imekwisha kumjibia mteja. Hatuwezi kumlaumu mteja kwa ubahili, kwa maana aliambiwa ni maji.

Upande wa pili wa udanganyifu huu ni mbaya zaidi. Glaikoli inayotumika sana, yaani ethilini glaikoli, ni sumu. Ina ladha tamu. Huharibu figo, na kiasi kidogo chaweza kumuua mtoto au mnyama wa kufugwa. Kimiminika hiki hutiwa rangi ya kijani, nyekundu au buluu, rangi zile zile za vinywaji vya watoto. Kinapobaki kidogo baada ya kazi, mtu hukitia katika chupa tupu ya maji ya kunywa au ya soda na kukiweka nyumbani. Akiulizwa ni kitu gani, hujibu kuwa ni maji ya rejeta. Neno maji katika Kiswahili halina tahadhari ndani yake. Maji ni uhai, maji hayana makombo, maji hayanyimwi mtu. Kuliita sumu jina hilo ni kuiondolea sumu hiyo alama yake ya hatari.

Mfano unaofanana nao ni maji ya betri, jina ambalo hutumiwa kwa maji yaliyokenekwa yasiyo na madhara na pia kwa asidi inayochoma ngozi. Mazoea ya kuita kila kimiminika cha gari maji yana mizizi, na hayatang'oka kwa tangazo moja. Lakini kazi ya Baraza na vyuo si kubariki mazoea yanayoua.

"Dawa ya kuzuia kuganda": tafsiri sahihi, istilahi mbaya

Baadhi ya watafsiri wa lebo wamejaribu kutoka katika tatizo hili kwa kufasiri jina jingine la Kiingereza la kimiminika hicho, nao wakapata kizuia-mgando, au dawa ya kuzuia kuganda. Kama tafsiri, hakuna la kulaumu. Kila kipande cha neno kimepata mwenzake.

Kama istilahi ya Tanzania, jina hili limeshindwa kabla ya kuanza. Jina lilizaliwa katika nchi ambako maji hugeuka barafu ndani ya injini wakati wa kipupwe, barafu hutanuka, na injini hupasuka. Kwa watu wa huko, hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kimiminika, na mchanganyiko wa nusu kwa nusu huwalinda hadi nyuzi 37 hivi chini ya sifuri. Msamvu hakuna usiku hata mmoja ambao maji hugandishwa na baridi. Hata kule kwetu kunakojulikana kwa umande mkali ulioganda, kama Kitulo, baridi haifikii robo ya hiyo. Basi mwananchi wa Morogoro akisoma lebo yenye jina hilo hufanya hesabu fupi: hapa hakuna barafu, kwa hiyo hii hainihusu. Anairudisha rafuni na kwenda bombani.

Kosa hapa ni la kuchukua sifa moja ya kitu, sifa ambayo ina maana kwa wenye jina tu, na kuifanya jina lake kwa watu wote. Kinachotuhusu sisi ni kuchemka na kutu, si kuganda. Kanuni ya pili basi ni hii: istilahi itaje kazi ambayo kitu kinaifanyia jamii inayokitumia, au isitaje kazi yoyote.

Kosa la namna hiyo hiyo limeikumba thamostati. Kwa kuwa jina lake halisemi kitu kwa mafundi wengi, na kwa kuwa imesikika kuwa ni kifaa cha nchi za baridi, huondolewa na kutupwa. Injini isiyo na thamostati huchelewa kufikia joto lake la kazi, hula mafuta zaidi na huchakaa upesi. Hatupendekezi jina jipya, kwa kuwa thamostati limeenea. Tunapendekeza fasili yake iandikwe popote neno linapotokea: kilango kinachofunga na kufungua njia ya kimiminika kulingana na joto.

Rangi zilizogeuka lugha

Magari mengi yanayofika Msamvu yametoka Japani yakiwa yametumika. Chini ya boneti mna vibandiko vya maelezo, na vingi vimeandikwa kwa Kijapani. Dumu dukani lina maelezo ya Kiingereza kwa herufi ndogo. Pale lugha inapokosekana, rangi huwa lugha. Mteja huomba ya kijani au nyekundu, na muuzaji humpa. Fundi husema gari hili linakula nyekundu.

Laiti rangi zingekuwa na maana moja, tungelikubali jambo hili kwa furaha, kwani ni rahisi na halihitaji kusoma. Kwa bahati mbaya hazina. Rangi ni wino tu. Hakuna kanuni moja inayowabana watengenezaji wote ulimwenguni. Kinachotofautisha vimiminika hivi ni viongezwa vyake. Viko vyenye silikati, viko vyenye fosfati, viko vyenye asidi za kikaboni, na viko vilivyochanganya aina mbili. Watengenezaji wa magari wa Japani wamezoea kutumia fosfati na kuepuka silikati, na wengi wa Ulaya wamefuata desturi tofauti na hiyo. Vya kijani vya aina ya zamani hutakiwa kubadilishwa baada ya miaka 2 hivi. Vya asidi za kikaboni hukaa hata miaka 5. Vimiminika viwili vyenye rangi moja vinaweza kuwa na viongezwa tofauti, na viwili vyenye rangi tofauti vinaweza kufanana. Vikichanganywa ovyo, kinga ya kutu hupungua, na wakati mwingine mchanganyiko hufanya utando au matope yanayoziba rejeta ile ile iliyobadilishwa jana.

Hapa ukosefu wa istilahi ndio uliozaa kosa. Fundi hana maneno ya kuulizia silikati, kwa hiyo huulizia rangi. Tunapendekeza aina hizi ziitwe kwa viongezwa vyake, kwa ufupi na kwa Kiswahili: kulanti ya silikati, kulanti ya fosfati, kulanti ya asidi kaboni, na kulanti mseto kwa ile iliyochanganya. Rangi iandikwe baada ya hapo, kama sifa ya ziada.

Kipoza, kipozi, kipozeo au kulanti?

Msomaji ameona kuwa tumetumia neno kulanti kabla ya kulitetea. Sasa tulitetee.

Kitenzi poza ndicho cha kwanza kufikiriwa, nacho kimezaa mapendekezo mengi: kipoza, kipozi, kipozaji, kipoozi, kipozeo. Tukiyapima, kipoozi kinaondoka mapema, kwa kuwa pooza huwapeleka wengi kwenye ugonjwa wa kupooza viungo. Kipoza kina mshindani Msamvu penyewe, ambako kipo kituo cha kupoza umeme. Huko kupoza ni kushusha msongo wa umeme, na baridi haihusiki hata kidogo. Kipozaji chaweza kuwa kimiminika, chaweza kuwa feni, chaweza kuwa rejeta nzima. Kipozeo kina umbo zuri la kifaa au kitu cha kupozea, kama kifunguo na kizibo, na hakijashikwa na maana nyingine.

Je, tulitangaze kipozeo na kulifuta kulanti? Hapana. Dhana hapa ni mbili, wala si moja. Hewa inayopuliza injini ya pikipiki ni kipozeo. Maji ya mtambo wa kiwanda ni kipozeo. Mafuta ya transfoma hupozea pia. Fizikia inahitaji neno la dhana hiyo pana, na kipozeo kinaifaa. Kile kimiminika chenye glaikoli na viongezwa kinachouzwa kwa dumu ni aina moja tu ya kipozeo, na aina hiyo tayari ina jina katika vinywa vya mafundi, nalo ni kulanti. Neno kulanti lina sauti za Kiswahili na halijifanyi kuwa maji. Ugeni wake, ambao wengine wangeuona dosari, hapa ni faida: humfanya msikilizaji aulize ni kitu gani, na anayeuliza yuko salama kuliko anayedhani anajua.

Limebaki jambo moja la dukani. Kulanti huuzwa kwa namna mbili: ile inayopaswa kuchanganywa na maji, na ile iliyokwisha kuchanganywa. Kuikosea hii ni hasara pande zote. Ile isiyochanganywa ikimiminwa tupu, hubeba joto vibaya. Iliyochanganywa ikiongezwa maji tena, kinga yake hupungua. Maneno "ya kuchanganya" na "iliyochanganywa" yanakaribiana mno kwa msomaji mwenye haraka na mikono yenye grisi. Tunapendekeza kulanti kali na kulanti tayari. Maneno haya hayafanani kwa sura wala kwa sauti, na kila mmoja anajua kuwa kitu kikali huzimuliwa. Cha kuzimulia kiwe maji yaliyokenekwa, na yaandikwe hivyo, si maji ya betri.

Mapendekezo kwa ufupi

1. Rejeta: liachwe lilivyo. Rejeta ya shaba na rejeta ya alumini zitofautishwe.
2. Kupandisha joto: hali ya jumla ya injini kuzidiwa na joto. Kuchemsha: kimiminika kutokota.
3. Mfuniko wa shinikizo: badala ya mfuniko wa rejeta.
4. Kipozeo: kitu chochote, kiwe hewa au kimiminika, kinachoondoa joto katika mtambo.
5. Kulanti: kimiminika cha maji, glaikoli na vizuia kutu kwa ajili ya injini. Kulanti kali, kulanti tayari.
6. Maji ya rejeta, kizuia-mgando: yasitumiwe katika lebo, stakabadhi wala vitabu vya mafunzo.

Hitimisho

Huenda ikasemwa kuwa mafundi hawasomi majarida ya istilahi, na kwa hiyo tunaandika hewani. Lakini lebo huandikwa na watu wanaosoma, vyuo vya ufundi stadi vina walimu wanaosoma, na tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mgogoro wa mwenye gari na mwenye gereji husikilizwa kwa maneno hayo hayo yaliyo katika stakabadhi. Stakabadhi ikisema "maji ya rejeta," hakimu ataamuaje kama fundi aliahidi maji au kulanti? Kila upande utaapa, na kila upande utakuwa na haki yake katika lugha.

Istilahi bora si ile inayopendeza katika kikao. Ni ile inayomwezesha mtu aliyesimama mbele ya injini ya moto kufanya jambo lililo sawa kwa kulisikia neno tu. Tunawaomba walimu wa ufundi, waagizaji wa spea na mafundi wa Msamvu na kwingineko wayapime mapendekezo haya katika kazi zao, na watuarifu yapi yameshika na yapi yamekataliwa. Neno lililokataliwa gereji tutalifikiria upya kwa moyo mmoja, kwa sababu ndiko linakofanya kazi.